Radhi Haikupanda Ndege

"Nasra! Weye Nasra!"

"Abee, mama!"

Nasra mwenyewe alikuwa amekaa pale pale, ukingoni mwa kitanda, mdomo keshaufungua aitike. Sauti ya mwenziwe ikamtangulia. Ilitoka uani, ikapita ukumbini, na nyuma yake akaja msichana wa Mloka, Warda, bakuli la uji mkono mmoja na kopo bovu mkono wa pili. Akampita Nasra kama anavyopitwa mgeni, akamwinamia mzee.

"Nipo, mama. Nilikuwa nafukuza ndege."

"Wamekula?"

"Punje hawakuambulia. Nimewapigia kopo mpaka wamehama bonde."

Bi Mwantum akacheka kicheko cha fizi tupu, akafungua kinywa mwenyewe bila kubembelezwa, akalishwa. Nasra akabaki na kijiko chake cha plastiki mkononi, kile laini cha wagonjwa, alichokuja nacho kutoka Maskati pamoja na mashine ya presha, maboksi mawili ya glovu na aproni za kumfungia mgonjwa shingoni. Tangu asubuhi alikuwa amekishika kijiko hicho, na tangu asubuhi mamake alikuwa amefunga midomo kama ofisi ya kata siku ya Jumapili.

Hii ilikuwa siku ya tatu tangu arudi Kibiti. Miaka tisa alikuwa Omani akimuuguza bibi mmoja aliyepooza upande, mpaka bibi akafa na familia ikamkatia Nasra tiketi ya kurudi kwao. Kwa miaka hiyo tisa alijenga nyumba hii, matofali na bati la rangi, hatua chache kutoka barabara ya Lindi, akamtoa mama kijijini Mkongo akamweka humu. Kaka yake Ismaily, anayeishi Mbagala, ndiye aliyemtafuta Warda wa kumtunza. Na Ismaily ndiye aliyesema kwenye simu, "Mama anasahausahau kidogo."

Kidogo! Mzee alikuwa amesahau miaka thelathini mizima. Kwake hapa hapakuwa Kibiti. Hapa palikuwa juu ya dungu, kile kibanda cha nguzo ndefu walichohamia zamani miezi ya mpunga, wanawake na watoto wao, kulinda shamba lisiliwe na ndege na nguruwe. Mwanawe Nasra yuko naye, angali msichana, anapiga kopo. Na Nasra huyo ana sura ya Warda. Huyu mwingine aliyeshuka na masanduku, mwenye glovu, mzee alimwita Muuguzi.

"Kwa nini unaitika jina langu?" Nasra alimuuliza Warda siku ya kwanza.

"Nilimkatalia wiki nzima, dada. Namwambia miye Warda, natoka Mloka. Analia, anasema mwanangu ananikana. Siku nilipoitika, akala. Ningefanyaje?"

Jibu lilinyooka, na kunyooka kwake ndiko kulikomkera Nasra. Angekuwa mwizi, angemfukuza akalala usingizi. Alipobaki peke yake na mama alimgeuza upande, akamkagua mgongo, nyonga, visigino, akitafuta kidonda cha kulala. Alikitafuta kwa bidii, na alipokikosa hakufurahi. Ngozi ya mzee ilikuwa nyororo, imepakwa mafuta ya nazi. Kucha zimekatwa. Nywele zimesukwa twende kilioni, mistari imenyooka. Kila mstari ulimchoma.

Lakini jina silo lililomleta. Lililomleta ni radhi.

Mwaka ule alipoondoka hakuaga. Alijua mama atakataa, akamwambia anakwenda harusi Mbagala, atarudi Jumatatu. Jumatatu akapiga simu kutoka Maskati. Mama akasema, "Hukuniaga. Basi jua, radhi yangu haikupanda ndege na weye." Akakata. Baadaye walizungumza mara nyingi, salamu, dawa, bati, lakini neno lile hakuna aliyelirudia. Kila baya lililompata Nasra kule alilihesabia hapo. Mgongo ulipoharibika kwa kumnyanyua bibi, alisema ni radhi. Ndoa yake ilipovunjika kwa simu, alisema ni radhi. Alirudi na hamu moja tu: apige magoti, aombe, mama aseme nimekupa. Atamke tu, kisha hata akisahau baada ya dakika moja, basi.

Siku ya nne akajaribu. Alisubiri Warda ashuke kisimani, akapiga magoti.

"Mama, miye Nasra. Nilikukosea. Nipe radhi."

Bi Mwantum akamtazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu aliyepotea stendi.

"Mwanangu yuko shambani, Muuguzi. Radhi yake namwekea yeye. Weye kaombe kwa mamako."

Nasra akainuka na magoti yake. Kuanzia hapo kila alichokifanya Warda kilikuwa kosa. Uji mzito. Sauti kubwa. Kwa nini huuvalishi glovu mkono huo? Akamtoa chumbani kwa mama, akakichukua kitanda chake, akamhamishia Warda stoo, kwenye mkeka, kati ya magunia ya mkaa. Akamwambia simu aiache juu ya kabati mchana, inamkoroga mgonjwa. Maneno hayo aliyatoa mdomoni yakiwa tayari, hata hakujiuliza ameyasikia wapi. Ijumaa Warda alipoomba kwenda msikitini na kupita sokoni, Nasra akasema, "Na mgonjwa umwachie nani?" wakati yeye mwenyewe amekaa pale, mzima, hana kazi.

Jirani yao Habiba, mwanamke wa mdomo mwepesi, aliyaona yote kwa kupitia matundu ya uzio.

"Haya bibie," akamwita siku moja akianika dagaa, "Nasra wa Maskati na Nasra wa Mloka, nani mkubwa?"

"Habiba, niache."

"Siwaachi. Maana jana mzee kaniambia mwanangu Nasra keshakua, tumtafutie mume. Nikamuuliza yupi, yule mwenye cheni? Kasema la, yule wa glovu ni mtu wa serikali, anaondoka mwisho wa mwezi."

Habiba alicheka mpaka dagaa wakamwagika. Nasra naye akacheka, maana usipocheka na Habiba anaendelea. Ila maneno yale yalimchoma kama mwiba wa perege, na jioni ile akampigia simu Abdillah.

Abdillah ni wakala wa kupeleka wasichana kazi Uarabuni. Ana steshenari nyuma ya stendi ya Kibiti, anapiga picha ndogo za pasi za kusafiria, anatoa fotokopi, na ukutani ameweka picha ya ndege inayopaa. Ndiye aliyemsafirisha Nasra. Watu wa bonde hili wana mazoea na kuhamishwa. Mwaka wa sitini na nane mto ulimeza mashamba, yakaja malori, wakaambiwa wapande juu, na Bi Mwantum akapanda na kapu kichwani, akawa anateremka kila msimu kulima alikokatazwa kukaa. Juzi juzi tu, elfu mbili ishirini na nne, maji yalirudi, na maneno yakarudi yale yale: hameni. Sasa malori hayaji. Sasa wanahamishwa wasichana, mmoja mmoja, kwa fotokopi. Kule Uarabuni wazee ni wengi na watoto wao hawataki kugusa kinyesi cha mzazi. Huku wazee nao wapo, lakini aliyetakiwa kuwashika mkono yuko kule, amemshika bibi wa mtu. Nasra aliyajua hayo kuliko mtu yeyote Kibiti. Aliyajua kwa mgongo wake.

Akasema, "Abdillah, nina msichana hodari. Kazi ya wazee anaiweza. Mtafutie nafasi."

Kisha akamwita Warda, akamkaribisha kwenye kochi kwa mara ya kwanza, akammiminia soda.

"Mdogo wangu, utaozea hapa? Kwenu tembo wamekula mahindi mara ngapi?"

"Mwaka huu mara mbili. Mama kabaki na mihogo."

"Basi. Miaka miwili tu kule, unamjengea mama. Unaiona hii nyumba?"

Warda akaitazama dari. Alikuwa msichana wa maswali machache, lakini aliyonayo anayauliza.

"Dada, pasi yako unakaa nayo mwenyewe?"

Pasi ya Nasra ilikaa miaka tisa kwenye kabati la bwana mwenye nyumba, na ufunguo ulikaa kwenye mnyororo kiunoni mwa mke wake.

"Mwenyewe," akasema Nasra. "Ya kwako, waichukue ya nini?"

"Na kulala?"

"Chumba chako. Kiyoyozi."

Kule Nasra alilala chini, kando ya kitanda cha bibi, kamba imefungwa kifundoni mwake ili bibi akiivuta aamke.

"Na Ijumaa?"

"Ijumaa unatembea, unakula aisikrimu."

Uongo ule ulikuwa mtamu kuutoa kuliko alivyotazamia. Alimwona Warda anameza kila neno, na moyoni akasema: nenda, nenda, uitwe kwa jina lako huko, uniachie langu.

Karatasi zilichukua wiki tano. Warda alipata pasi, akapimwa, akaenda Mloka kuaga kwao, akarudi. Siku ya safari alivaa baibui jipya. Basi la Dar lingeondoka saa tisa alasiri, na saa saba aliingia chumbani kwa Bi Mwantum. Nasra alikuwa mlangoni amekunja mikono, anahesabu pumzi.

Warda akapiga magoti.

"Mama, nasafiri. Nimekuja kukuaga."

Mkono wa mzee ukatafuta hewani mpaka ukakipata kichwa cha msichana.

"Safari hii umeniaga," akasema.

Nasra akakunjua mikono.

"Ile ya kwanza ulinidanganya harusi. Nikaweka wali, nikafunika. Siku nne nafunua, nafunika. Ukapiga simu uko Uarabuni. Nikatoa neno bovu, mwanangu. Nilipokata simu nilikaa chini hapo hapo nikalia, nikatamani kulirudisha, sikujua kupiga ile namba ndefu." Alikuwa hayuko tena juu ya dungu. Kwa dakika hiyo moja macho yake yalikuwa ya mtu anayejua ni mwaka gani. "Haya. Leo umekuja kwa magoti. Radhi nimekupa, Nasra. Ya ile na ya hii."

Akamtemea mate ya baraka utosini, kidogo tu, puu.

Miaka tisa! Neno lile lile, kwa jina lile lile, limetamkwa mbele ya macho yake, likatua kwenye kichwa cha mwenziwe. Nasra aliumwa na wivu ule ambao hata nguvu ya kuukasirikia hakuna. Alitaka kumsukuma Warda apige magoti yeye, aweke kichwa chake chini ya mkono ule kabla haujapoa. Lakini mkono ulikuwa umeshaondoka. Warda akainuka analia, akambusu mzee, akachukua begi.

"Dada, mie naenda. Uji asipewe wa moto."

Bodaboda ikanguruma nje, ikaondoka.

"Muuguzi," akaita Bi Mwantum. "Weye umetembea. Huko anakokwenda mwanangu, watu wazuri?"

"Wazuri."

"Watamtunza?"

"Watamtunza, mama."

"Mbona unaangalia ukuta?"

Nasra alikuwa anauangalia ukuta kweli. Mamake alikuwa anamuuliza habari za Nasra, na hakuna mtu duniani mwenye habari za Nasra kumshinda yeye. Nasra anayesafiri leo atalala wapi alipajua. Kamba itafungwa mguu gani aliujua. Siku bibi wa watu akifa, kabla maiti haijatolewa, watamimina begi la Nasra sakafuni kutafuta bangili, na bangili itakuwa mkononi mwa maiti. Ilikuwa hivyo. Na mama alikuwa ametoa radhi juu ya safari hiyo, akidhani ni safari, kumbe ni kutupwa.

"Habiba!" akapaza sauti kwenye uzio. "Njoo ukae na mama!"

"Una nini, umeona nyoka?"

"Njoo, nakuomba!"

Alifika steshenari anahema, ushungi umemteleza. Wasichana sita walikuwa kwenye benchi na mabegi yao, Warda wa mwisho. Abdillah alikuwa amesimama na bahasha ya pasi zote sita, ameziweka kwapani.

"Bi Nasra! Umekuja kuwasindikiza wanao?"

"Kwa nini pasi unazishika wewe?"

"Zisipotee, dada. Unajua utaratibu."

"Naujua." Akawageukia wasichana. "Sikilizeni. Hizo pasi hamtazishika tena. Mtazipokonywa uwanja wa ndege zitiwe kabatini. Miye yangu ilikaa kabatini miaka tisa. Nililala sakafuni. Ijumaa niliiona dirishani. Mgongo huu, siwezi kuinua ndoo. Warda, nilikudanganya. Chumba hakuna. Kiyoyozi ni cha bibi."

Abdillah akacheka taratibu, kama mtu aliyeshayasikia.

"Wivu tu huu, wanangu. Keshakula, hataki wenzake wale."

"Kwani uongo?" akadakia binti mmoja, Ummy, wa Mkongo, anajipepea kwa tiketi. "Nyumba yake tunaiona, bati la bluu. Cheni hiyo shingoni. Mbona hukutwambia tangu mwezi uliopita, dada? Leo basi liko hapo ndiyo unapata huruma?"

Wakacheka. Na Nasra, ambaye kwa wiki sita alikuwa ameuvaa wivu kama nguo ya ndani bila mtu kuuona, sasa akaitwa mwenye wivu mbele ya stendi nzima, kwa kitu pekee alichokifanya bila wivu. Wangemwamini vipi? Bati lilikuwa la bluu kweli.

Warda hakucheka. Alisimama.

"Ulinidanganya kwa nini?"

"Kwa sababu anakuita Nasra."

Wengine hawakuelewa. Warda alielewa. Hasira ilimpanda polepole mpaka mashavuni.

"Yaani kwa jina! Mama yangu kaniombea dua Mloka, kauza kuku wake, kumbe unanitupa kwa jina! Si ungenifukuza tu? Mdomo huna?"

"Ningekufukuza, angekulilia mpaka nikurudishe. Kule hurudi."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua."

Akamgeukia Abdillah akanyoosha mkono. "Nipe pasi yangu."

"Binti, tiketi imeshakatwa. Tajiri kashalipia. Utadaiwa."

"Nidai. Nipe."

"Abdillah," akasema Nasra, "mpe, au nisimame katikati ya stendi niseme moja baada ya jingine, na majina, mpaka basi la jioni."

Makondakta walikuwa wameshaanza kusogea kusikiliza. Abdillah akaichomoa pasi moja kwenye bahasha, akaitupa juu ya mashine ya fotokopi. Ummy na wanne wengine wakapanda basi. Ummy alikaa dirishani, akatazama mbele, wala hakupunga mkono. Nasra alisimama pale basi likarudi nyuma, likageuka, likashika njia. Watano.

Warda alikuwa ameketi juu ya begi lake.

"Gari ya Mloka imeshaondoka," akasema bila kumtazama. "Nitalala kwa shangazi, kesho naenda kwetu."

"Rudi kwa mama."

"Nilale na mkaa?"

Nasra akachuchumaa, mgongo ukimlalamikia, mpaka macho yao yakalingana.

"Utalala kitanda kile nilichokinyang'anya. Stoo nitakwenda mie."

"Stoo asiende mtu. Hamisha mkaa uani, nunua kitanda. Ijumaa ni yangu, tangu asubuhi. Simu ni yangu, nakaa nayo. Na Ismaily aandike karatasi ya kazi, siyo kila mwezi nampigia simu kumi za mshahara na anasema kesho."

"Ataandika. Nitamshikia kalamu."

"Sijamaliza." Warda akajifuta pua kwa ncha ya baibui. "Jina. Akiniita Nasra naitika. Ukininunia hata siku moja, ukinibamizia sufuria, naondoka, na safari hii siagi mtu."

Hilo ndilo lililokuwa zito. Kitanda ni kitanda, mkaa ni mkaa. Nasra alitazama vidole vyake. Alifikiria mkono wa mamake hewani, unatafuta kichwa. Mzee hakuwa na muda mrefu. Labda masika mawili, labda moja. Angekufa akimwita Nasra, na angeitikiwa, na wa kuitika asingekuwa yeye. Wivu ulikuwa pale pale, haujapungua hata chembe, unamtafuna.

"Itika," akasema.

"Sema vizuri."

"Itika, Warda. Anapokuita, itika upesi. Hapendi kungoja."

Wakachukua bodaboda moja, mshikaki, dereva mbele, Warda katikati, Nasra nyuma amepakata begi la mwenziwe juu ya paja. Dereva akauliza wanakwenda wapi.

"Kwa Bi Mwantum," wakajibu wote wawili kwa pamoja, na Nasra akageuza uso upande wa barabara ili asionekane analia.